Zimeni Ngoma, Tuogope Wenyewe

Filamu fupi za kusisimua zinazotoka hapa Pwani siku hizi zina mwanzo mmoja. Droni inapaa juu ya daraja la Nyali, Mombasa, na kutuonyesha bahari, ngoma nzito zinadunda, halafu ghafla kuna mtu anakimbia kwenye vichochoro vya Mji wa Kale huku akitazama nyuma. Picha inakatwa kila sekunde. Anayekimbia simjui, anayemfukuza simjui, na akishikwa itakuwaje pia sijaambiwa. Basi nakaa nikingoja mbio ziishe, hadithi ianze.

Ugomvi wangu si wa vifaa. Picha zenyewe ni safi, na kuna vijana wanaopiga kwa simu kazi ambayo zamani ingehitaji lori zima la mitambo. Ninachokataa ni ile imani kwamba taharuki ni kelele na kasi. Mimi naona taharuki huzaliwa pale mtazamaji anapojua jambo ambalo mhusika hajalijua, kisha akangojeshwa.

Tazameni mwanzo wa Touch of Evil, filamu ya Orson Welles ya mwaka 1958. Mkono unatega saa ya bomu. Mtu anakimbia, analitia kwenye buti ya gari, anatoweka. Mwanamume na mwanamke wanakuja wakicheka, wanaingia garini, wanaondoka. Kamera iko juu ya kreni. Inapaa juu ya paa, inashuka barabarani, inaliacha gari, inawafuata maharusi wawili wanaotembea kwa miguu, kisha gari lile linatokea tena ubavuni mwao. Haya yote ni shoti moja isiyokatwa, ya zaidi ya dakika tatu. Gari linasimamishwa na msongamano, linasimama tena mpakani, na yule mwanamke analalamika kwamba anasikia kitu kikigonga kichwani mwake. Hakuna anayemsikiliza. Mkato wa kwanza unakuja na mlipuko.

Kutokata ndiyo siri yenyewe. Mhariri akikata, mtazamaji anahisi muda umerukwa na anapata nafasi ya kupumua. Hapa hapewi nafasi hiyo, kwa sababu dakika za bomu na dakika zake ni zile zile.

Lakini kilichonivutia zaidi ni masaibu ya sauti yake. Studio iliutandazia mwanzo huo muziki wa Henry Mancini na kuandika majina ya waigizaji juu ya picha. Welles aliiandikia studio waraka wa kurasa 58 akieleza alivyotaka filamu yake ihaririwe. Mwaka 1998, yeye akiwa ameshafariki, mhariri wa filamu Walter Murch aliihariri upya kwa kuufuata waraka huo. Majina yakaondolewa, muziki wa Mancini ukaondolewa, na badala yake tukasikia mji: muziki wa kilabu hiki ukififia na wa kile ukiingia, pamoja na redio ya lile gari. Sasa hata gari likiwa nje ya picha, redio yake inakwambia liko karibu. Wapo wanaoupenda muziki wa Mancini, na kweli ni mtamu. Ila utamu wake unanistarehesha, na sikwenda pale kustarehe.

Fritz Lang alilijua hili mapema, mwaka 1931, katika filamu yake M, wakati sauti kwenye sinema ilikuwa bado jambo geni. Mama anaandaa meza, saa ya ukutani inalia, mwanawe Elsie hajarudi kutoka shule. Sisi tumeshakiona kivuli cha mwanamume kikiangukia tangazo la muuaji wa watoto. Mama anaita, na jina la mtoto linasikika juu ya ngazi tupu na sahani isiyoguswa. Hakuna damu, wala muziki wa kututia hofu. Mzazi yeyote wa Kisauni ambaye maghribi imewahi kumkuta mtoto bado yuko nje hahitaji kuelezwa zaidi.

Muziki si haramu, jamani. Katika Jaws, filamu ya 1975 kuhusu papa anayeua watu, noti mbili za mtunzi John Williams zinafanya kazi kwa sababu noti zenyewe ndizo papa. Papa wa mashine alikuwa akiharibika kila mara baharini, mwongozaji Spielberg akalazimika kumficha, na mficho huo ukaiokoa filamu.

Kwetu, mimi ningeanzia kivukoni Likoni. Dereva wa tuktuk yuko pembeni anakunywa kahawa. Kijana anapita, anasukuma kitu chini ya kiti cha abiria: bastola iliyofungwa kwa leso. Dereva anarudi, mama na mtoto wake wanapanda, wanakaa juu yake bila kujua. Mbele kuna foleni, na askari wanakagua magari. Kila Mmombasa anajua foleni ya feri inavyokula muda, kwa hiyo huna haja ya kumfundisha mtu kungoja. Kamera ikae ndani ya tuktuk, usawa wa goti la mtoto, isikate. Mchuuzi wa korosho ajipenyeze. Honi ya feri ilie. Dereva na yule mama wabishane kuhusu nauli, mzaha mtupu. Mtoto aanze kuchezea ncha ya leso. Mimi ningekata askari anapoinama, kabla hajasema neno.

Ruhusa ya kupiga picha pale inaweza kuwasumbua, basi ipelekeni tuktuk soko la Markiti, ikwame nyuma ya mkokoteni wa hamali na askari wa trafiki akisogea. Mkifanikiwa kupata kivuko, upepo utaharibu sauti. Kivisheni kipaza sauti manyoya yake ya kukinga upepo, na siku nyingine mrudi bila kamera, mrekodi sauti peke yake: honi, injini na watu.