MB za bure zina mwenyewe

Ukitaja usawa wa mtandao, yaani kanuni kwamba kampuni inayokuuzia intaneti isipendelee wala kubagua kinachopita humo, wengi hufikiria kufungiwa: kampuni inazima tovuti isiyoipenda, basi. Mimi hilo halininyimi usingizi sana. Anayezuia huacha alama. Mwaka 2007 kampuni ya Comcast ya Marekani ilikuwa ikiwahujumu kimyakimya watumiaji wa BitTorrent, njia ya watu kupeana mafaili moja kwa moja, kompyuta kwa kompyuta. Kompyuta mbili zikiwa katikati ya kupeana faili, mtambo wa kampuni ulipenyeza ujumbe bandia, kila moja ikadhani mwenzake ndiye aliyekata. Waandishi wa shirika la habari la Associated Press wakajaribu wenyewe kwa faili la Biblia, wakaliona linavyokwama. Mwaka uliofuata Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, ikaiamuru kampuni iache. Mahakama iliitengua amri hiyo mwaka 2010, lakini kufikia hapo aibu ilikuwa imeshafanya kazi yake.

Ninachohofia ni zawadi.

Chukua mtu mwenye bando la mitandao ya kijamii pekee. Kwenye kundi la WhatsApp inadondoka habari: kichwa kikali, picha moja, na kiungo chini yake. Kichwa anakisoma, picha anaiona. Akibonyeza kiungo, kile kiduara kinazunguka weee, mwisho anaambiwa hana salio. Anarudi kwenye kundi. Huko anaweza kutoa maoni, kununa, kutukana, na kuisambaza habari kwa ndugu na jamaa wote bila kugharimika zaidi. Habari yenyewe hajaisoma. Na aliyeichunguza akaandika kwamba ni uongo yuko ng'ambo ya kiungo, kule kunakolipiwa. Uvumi unasafiri bure, ukweli unatozwa nauli. Halafu tunalalamika kwamba watu siku hizi hawasomi.

Katika mkasa huo hakuna tovuti iliyofungwa wala mtu wa kushitakiwa. Mteja mwenyewe anashukuru. Na ukibuni programu ya kutumiana ujumbe iliyo bora mara mbili, bado hushindani na ubora wa WhatsApp tu. Unashindana na sifuri, na bei hiyo hakuna mgeni anayeweza kuishusha.

Facebook ililijua hilo mapema. Mwaka 2014 ilianza nchini Zambia, pamoja na Airtel, na programu iliyotoa huduma chache za mtandaoni bila gharama ya data, Facebook yenyewe ikiwa mojawapo. Baadaye mpango huo ukaitwa Free Basics. Ulipofika India ukakuta watu wameshatahadharishwa. Desemba 2015 Facebook iliwahimiza watumiaji wake wa huko wamtumie mdhibiti wa mawasiliano wa nchi hiyo, TRAI, barua pepe zilizokwisha kuandikwa za kuunga mkono mpango huo. Mdhibiti akajibu kwamba barua hizo hazikugusa maswali aliyouliza. Tarehe 8 Februari 2016 akapiga marufuku bei za data zinazotofautiana kulingana na unachokitazama, na faini ya rupia 50,000 kwa siku kwa atakayekaidi. Naona huo ni uamuzi safi kuliko mwingi niliousoma kuhusu intaneti, kwa sababu hauhitaji kupima nia ya mtu. Unaangalia bei tu.

Kuna hoja moja dhidi yangu ambayo siwezi kuipuuza: asiye na kitu, si afadhali apate kidogo? Hata Wikipedia ilikuwa na mpango wa namna hiyo, Wikipedia Zero, kuanzia 2012 hadi 2018, na sidhani kuna anayewashuku kwamba walitafuta faida. Anayebeza WhatsApp ya bure kwa kawaida ana Wi-Fi kazini na nyingine nyumbani. Nakiri hoja ina uzito. Lakini inachanganya mambo mawili. Kumpa mtu MB ni kumsaidia. Kumchagulia pa kuzitumia ni jambo jingine kabisa. Kampuni inayosema haiwezi kumudu kutoa MB chache za popote, huku ikimudu kuacha video za mshirika wake zitiririke bila kuhesabiwa, haikosi uwezo. Imefanya chaguo.

Ulaya imefika huko kupitia mahakama. Septemba 2021 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua, katika kesi zilizozihusu kampuni za simu za Vodafone na Telekom Deutschland, kwamba kutohesabu data za programu zilizochaguliwa ni kukiuka wajibu wa kuyatendea mawasiliano yote sawa. Marekani ni bembea: kanuni ziliwekwa 2015, zikafutwa 2017, zikarudishwa 2024, kila mara kwa kura 3 dhidi ya 2 za makamishna wa FCC kufuata vyama, kisha Januari 2025 mahakama ya rufaa ikazitupa. Hata hivyo jimbo la California lina sheria yake tangu 2018. Ilipoanza kutumika mwaka 2021, kampuni ya simu ya AT&T ilitangaza kuachana na mpango wake wa data za kufadhiliwa, yaani zinazolipiwa na mwenye huduma badala ya mteja, si California tu bali nchi nzima, kwa kuwa mtandao hauna mipaka ya majimbo. Jimbo moja tu lilitosha.

Kwa hiyo mdhibiti anayedai hana nguvu mbele ya kampuni kubwa asituchoshe. Aanze na mikataba. Kila bando linalotaja programu kwa jina lina makubaliano nyuma yake, au uamuzi wa mtu ofisini. Yachapishwe: nani kamlipa nani, kiasi gani, na nani aliomba kuingia akakataliwa. Na kampuni inayotaka kugawa MB za bure igawe, hata leo, mradi mteja ndiye aamue azipeleke wapi.