Bili imeshuka, umeme je?

Ingia kiwandani Jumapili mchana, mashine zimezimwa na watu wako makwao. Utasikia sauti moja tu: ssss. Kompresa, mashine ya kushindilia hewa, haijazimwa, na hewa inavuja kwenye maungio ya mabomba. Kitundu cha milimita 3 tu, shinikizo likiwa bari 7, hula takriban kilowati 3, na hakijazalisha hata kizibo cha soda.

Kanuni za mwaka 2012 nchini Kenya zilitaka kiwanda kinachozidi uniti 180,000 za umeme kwa mwaka kikaguliwe matumizi yake kila miaka 3, kisha kitekeleze angalau nusu ya akiba iliyobainishwa. Wenye viwanda hulalamika, na si kwa uongo. Mtaji wa kununua vidhibiti vya kasi ya mota ni mkubwa, stima ikirukaruka vinaungua, na mota inayobeba mzigo kamili saa zote haifaidiki navyo. Ila kwa feni na pampu sikubaliani nao. Punguza kasi kwa asilimia 20, umeme unashuka karibu nusu. Wengi huiacha mota ikimbie, wakabana valvu. Ni kuendesha gari huku umekanyaga breki.

Kinachonikera ni akiba za kwenye karatasi. Kiwanda kinafunga kapasita, pawa fakta (sehemu ya umeme unaovutwa inayofanya kazi kweli) inapanda, tozo ya kVA, ile ya kilele cha mzigo, inapungua, meneja anapongezwa. Uniti? Karibu zilezile.

Shifti ya usiku nayo niliiweka kwenye kapu hilohilo. Desemba 2017 Kenya ilianza kuviuzia viwanda umeme wa usiku kwa nusu ya bei, kwa matumizi yanayozidi kiwango kilichowekwa. Mota ya saa sita usiku inakula sawa na ya saa sita mchana, nikasema huo ni ujanja wa mhasibu. Olkaria, kwenye mitambo ya umeme wa jotoardhi nchini Kenya, imenibadilisha mawazo kidogo. Huko, watu wakilala na mahitaji yakishuka, mvuke wa ardhini umekuwa ukiachiwa hewani. Kiwanda kinachosaga usiku kinatumia kilichokuwa kikipotea, ingawa mita yake haionyeshi akiba yoyote.

Kwa hiyo punguzo lina maana kwa gridi. Kwa fundi wa kompresa limeleta balaa jingine: akiomba siku moja ya kuzima laini ya uzalishaji azibe mabomba, anaulizwa ataokoa shilingi ngapi. Na ile ssss ya usiku sasa inavuja kwa nusu bei.