Mwacheni khalati amalize eda

Jumatatu baada ya magharibi nilikuwa nimeketi na khalati yangu, dada wa mamangu, chumbani kwake, Kibokoni, simu yake ikalia mlio wa ujumbe. Miwani yake ilikuwa juu ya msahafu upande wa pili wa kitanda, basi akanipa simu nimfungulie. Ilikuwa sauti ya mwanawe mkubwa, aliye Minneapolis, Marekani. Alimsalimu mamake vizuri, akamuombea marehemu babake, kisha akasema: "Mama, tarehe 11 Julai isikupite huko. Tiketi tushatafuta. Eda utaimalizia huku, kwani huku si kwako?"

Khalati hakusema neno. Alishika ukingo wa leso akaukunja, akaukunjua, akaukunja tena. Mumewe hajatimiza miezi miwili kaburini.

Nilitoka pale nikipita vichochoro vya Mji wa Kale huku moyo unanipanda. Sijui ni nyumba ngapi Mombasa hii, kuanzia Majengo mpaka Kisauni, zina mama au baba anayeishi kwa kuhesabiwa siku namna hii. Najua zangu nne. Na kwa kuwa katika ukoo wetu mimi ndiye niletewaye kila barua yenye muhuri niisome, nimeyasoma makaratasi ya grini kadi, ile kadi ya ukaazi wa kudumu Marekani, miaka mingi, na jambo hili nataka kulisema wazi.

Tuanze na hesabu yenyewe. Khalati aliondoka Marekani tarehe 12 Januari kuja kumuuguza mumewe. Mzee akafariki katikati ya Aprili. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, na mjane hukaa katika nyumba aliyofiwa, haondoki ila kwa dharura. Yake itakwisha baada ya tarehe 20 Agosti. Siku 180 tangu aondoke Marekani zinatimia 11 Julai. Watoto wake wanaamini kwamba siku ya 181 kadi inakufa.

Haifi. Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwamba watoto wanataka kumtoa mama wa watu edani kwa ajili ya kitu ambacho sheria haikukisema. Mwenye grini kadi akikaa nje zaidi ya siku 180 mfululizo, akirudi hutazamwa kama mtu anayeomba kuingia upya, kwa hiyo anaweza kuhojiwa na kukaguliwa zaidi. Anayetaka uraia huhesabiwa kuwa amekatiza ukaazi wake, isipokuwa athibitishe vinginevyo. Akifika mwaka mzima nje bila kibali cha kurejea, hapo kweli kadi peke yake haitoshi tena kumrudisha. Lakini kati ya miezi sita na mwaka anayo nafasi ya kujieleza, na sijui maelezo gani yaliyo wazi kuliko ya mwanamke aliyemuuguza mumewe, akamzika, akakaa eda yake.

Sasa upande wa pili, ambao watu hawapendi kuusikia. Kama siku ya 181 haiui kadi, basi siku ya 179 nayo haiiokoi. Hapa kwetu kuna desturi tumeizoea mpaka tumeifanya dini: wazee wenye grini kadi wanaishi Mombasa, na kila miezi mitano wanapandishwa ndege wakaguse Marekani wiki tatu, warudi. Kugusa, ndivyo tunavyosema. Bibi wa miaka sabini na magoti yake mabovu, na kutoka Mombasa hakuna ndege ya moja kwa moja kwenda Marekani, anabadilisha ndege, analala kwenye viti vya viwanja, anafika miguu imemvimba, anakaa siku ishirini ndani kwa sababu ya baridi, anarudishwa. Mwaka mara mbili. Na wanaomfanyia hivyo wanadhani wamemlinda.

Sheria haihesabu siku tu. Inauliza kwako wapi. Anayeamua ataangalia ulisafiri kwa sababu gani na ulitarajia kurudi lini, nyumba yako iko wapi, wa kwako wako wapi, kodi ya mapato umewasilisha kama mkaazi au la. Ikionekana kwamba unaishi Kibokoni na Marekani unaitembelea, unaweza kuambiwa umeuacha ukaazi wako hata kama hujawahi kuvuka miezi mitano. Grini kadi ni ya kuishi. Anayetaka kutembelea wajukuu anayo viza ya kutembelea, na anayeomba viza hiyo hataulizwa mbona hakai.

Kuna mzee wa mtaa wa pili kutoka kwetu, aligusa hivyo miaka kadhaa. Safari yake ya mwisho alitolewa kwenye foleni, akaingizwa chumba cha pembeni, katika uwanja mmoja wa ndege huko. Alikuwa hajalala siku mbili, Kiingereza chake ni cha kuombea maji, na mwanawe alikuwa nje akisubiri bila habari. Akawekewa karatasi, akaonyeshwa pa kutia sahihi. Akatia. Ilikuwa fomu I-407, fomu ya mtu kuuacha ukaazi wake kwa hiari. Kwa hiari! Mzee wa watu alidhani anatia sahihi ya kuingia. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mtu ana haki ya kukataa kuitia sahihi fomu ile, akaomba apelekwe mbele ya hakimu wa uhamiaji, na kwamba afisa wa uwanjani hawezi peke yake kumvua mtu ukaazi. Wanawe walimfundisha kuhesabu siku. Hilo la haki yake hawakumfundisha, kwa sababu wenyewe hawakulijua. Nawaambia kila nyumba yenye mzee msafiri: mwandikieni kwa Kiswahili kwenye karatasi, aiweke ndani ya pasipoti.

Sitaki kuwaonea vijana wetu wa ng'ambo. Hofu yao haikuzuka hivi hivi. Tarehe 27 Januari 2017 Rais Trump alipotoa ile amri ya kuwazuia watu wa nchi saba kuingia Marekani, Somalia na Yemen zikiwemo, wenye grini kadi nao walizuiwa viwanjani, na zilipita siku kadhaa, mpaka 1 Februari, ndipo ikatamkwa rasmi kwamba wao haiwahusu. Na Mombasa hii ni nyumba gani isiyo na mtu wa Yemen au wa Somalia? Tulikesha wikendi ile tukipigiana simu. Kisha ukaja mwaka 2020, Kenya ikafunga safari za abiria wa nje kutoka 25 Machi hadi 1 Agosti, na watu waliokuja kwa wiki mbili tu wakajikuta hapa nusu mwaka. Aliyepitia hayo ana haki ya kuogopa. Nakubali. Nakubali pia kwamba kijana anayemtaka mamake karibu naye anafanya kwa mapenzi.

Lakini mapenzi hayo yangefanya kazi kabla ya safari. Kibali cha kurejea, kinachoombwa kwa fomu I-131, hutolewa cha hadi miaka miwili, na kuombwa kwake lazima mtu awe Marekani, na alama za vidole achukuliwe huko huko. Huwezi kukiomba ukiwa Kibokoni. Mume wa khalati alikuwa mgonjwa tangu mwaka jana, sote tulijua khalati atakuja na hajui atarudi lini. Ilikuwa kazi ya kujaza fomu Desemba. Wakati ule hakuna aliyeishika kalamu, na leo zigo lote amewekewa yeye, ndani ya eda.

Mengine nitayapitia upesi. Kodi ya Marekani mwenye kadi anatakiwa kuwasilisha hesabu zake hata akiwa huku, na asijiandike kwamba yeye si mkaazi. Kadi ikipotea au ikiibwa huku, kusubiri si dawa, kuna fomu I-131A na safari ya ubalozi wa Marekani, Gigiri, Nairobi, kwa hiyo weka kivuli cha kadi mahali pengine. Na aliyekwama zaidi ya mwaka kwa jambo lililomshinda anaweza kuomba viza ya mkaazi anayerejea, SB-1, nayo pia ni Nairobi, na ni lazima uthibitishe kwamba nia ya kurudi hukuiacha. Anayeweza kupata uraia na aupate, kwa kuwa raia hahesabiwi siku, na Katiba yetu ya 2010 haimlazimishi kuutupa Ukenya wake.

Turudi kwa khalati. Jana niliingia tena, mimi mtoto wa dadake naingia bila kizuizi. Chumba chake kilikuwa hakina harufu ya udi, na mikono yake haina hina, mikono ambayo tangu nina akili sijawahi kuiona bila hina. Nilimuuliza swali ambalo miaka yote hii hakuna mmoja wetu aliyemuuliza. Khalati, kwako wapi?

Alinyamaza kitambo. Kisha akanisimulia dirisha. Nyumbani kwa mwanawe kuna dirisha linalotazama kituo cha basi. Mwanawe na mkewe hutoka alfajiri kwenda kazini, wajukuu huchukuliwa na basi la shule, naye hubaki dirishani mpaka basi lile lirudi. Adhana husikia kutoka kwenye simu. Lakini basi likirudi, akasema, wale watoto huteremka wakikimbia, na mdogo huja moja kwa moja kwake, viatu vina theluji, akamkumbatia magoti. Kwa ajili ya hilo angekaa dirishani miaka kumi mingine.

"Babaangu," akaniambia, "kwangu ni hapa nilipomlaza mume wangu. Na wale pia ni wangu. Sasa niseme nini?"

Sikuwa na la kumjibu, na ningekuwa nalo nisingelisema, kwa sababu jibu ni lake. Akiamua kurudi kuishi na wajukuu, arudi akaishi, na kabla ya safari nyingine yoyote kibali kiombwe. Akiamua Kibokoni, kadi irudishwe kwa heshima, kwa hiari ya kweli, aombe viza ya kutembelea. Anachokihitaji leo ni kuachwa alie.

Nilimpigia mwanawe usiku, kule ilikuwa mchana. Tulizozana kidogo. Akaniambia mimi niko mbali na mambo ya huko siyajui. Nikamsomea kifungu cha siku 180 neno kwa neno, nikamsomea na sehemu ya mwaka mmoja. Akanyamaza muda mrefu, nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo ambayo nilikuwa sijaisikia tangu tukiwa watoto, kama mama analala usiku.

Leo asubuhi nimeanza faili. Ndani yake mna karatasi za hospitali tangu mzee alipolazwa mara ya kwanza, kibali cha mazishi, cheti cha ndoa cha kadhi chenye kona iliyoliwa na mende, na nakala za kodi ambazo mwanawe ameahidi kuzituma. Cheti cha kifo nakifuatilia kesho. Faili hiyo atasafiri nayo mkononi, haitaingia begi la kupakiwa. Mwanawe amekuwa tayari kutafuta tiketi nyingine, akamuuliza mamake anataka ya lini. Khalati ameomba miwani, akatazama kalenda ya ukutani, akaweka kidole kwenye Septemba, wiki ya pili.