Mshenga na Tyubu ya Bibi

Ukitoka Tanga ukaenda kuishi Ujerumani, usidhani nyumbani wanakungojea na chokoleti. Chokoleti inayeyuka kabla basi halijafika Segera. Shangazi yangu wa Ngamiani alinitumia ujumbe wa sauti WhatsApp, salamu zikala dakika nzima, kisha akaingia kwenye lake: "Mwanangu, tumekuona kwenye video. Meno yanametameta! Safari hii usituletee mapipi. Tuletee hiyo dawa ya mswaki." Ningemwambia kwamba kilichometameta ni taa ya jikoni kwangu Kiel, angeona nimeanza uchoyo wa Kizungu. Nikaitika.

Sasa, kununua dawa ya mswaki Tanga ni kazi ya kumtuma mtoto. Unamwambia mwenye duka "nipe kolgeti", anakuuliza kubwa au ndogo, anakupa Whitedent, unamshukuru, mnaachana kwa amani. Kiel nilikuta ukuta. Rafu kutoka magotini hadi juu ya kichwa, dawa ya meno tupu. Ipo ya wavuta sigara, ya fizi zinazotoka damu, ya meno yenye ganzi, ya chumvi, ya mkaa. Wapo pacha, Aronal na Elmex, mmoja wa asubuhi na mwingine wa jioni. Nikajiuliza mlinzi wa zamu ya usiku anaanza na yupi. Mbele kidogo ziko za "asilia", zisizo na floraidi, nazo bei juu. Yaani unalipa zaidi kwa kile kilichotolewa. Ile ya mkaa ndiyo iliyonichekesha peke yangu pale dukani mpaka nikaangaliwa. Bibi yangu alisugua mkaa na chumvi tangu usichana wake, bure, jikoni kwake, na leo meno yake yanalala kwenye bilauri.

Aliyenitatulia fumbo ni daktari wa meno. Alinilaza kitini, akachungulia, akaniuliza huwa nasafisha lini katikati ya meno. Nikasema Ijumaa. Hakucheka. Akanipa somo: geuza tyubu, soma nyuma, tafuta floraidi. Ya mtu mzima iwe karibu sehemu 1450 kwa milioni. Sheria ya Umoja wa Ulaya kwa dawa za kawaida inaishia 1500, kwa hiyo ya bei chee na ya bei ya kuumiza mara nyingi zinalingana kwenye hilo la maana. Mswaki mara mbili kwa siku, dakika mbili, na wa usiku usiukose, maana ukilala mate hupungua na vijidudu hupata uwanja. Mpaka hapo tulikuwa pamoja. Kisha akasema: ukimaliza, tema tu, usisukutue, ili floraidi ibaki kwenye meno. Usisukutue! Mimi nimelelewa nyumba ambayo mtu akipiga mswaki husukutua mpaka koo linguruma na jirani anajua kumekucha. Nikamwitikia kwa adabu, nikaenda nyumbani nikasukutua. Siku hizi nimeacha, lakini roho bado inadai.

Nilipotoka nikapewa na kijitabu cha mihuri. Kila mwaka ukikaguliwa kinagongwa. Ukitimiza miaka 5 bila kuruka, siku ukihitaji jino la bandia bima ya serikali inachangia asilimia 70 ya gharama ya tiba ya kawaida badala ya 60. Ukifikisha 10, asilimia 75. Watu wanaoweka akiba ya mihuri kwa ajili ya jino ambalo bado halijang'oka, hao usishindane nao kwa mipango.

Bibi naye alikuwa na ombi lake la pembeni. Meno yake ya bandia yalitengenezwa zamani, na fizi za mtu asiye na meno huendelea kunywea, basi yakawa yanacheza. Akila bada anayavua. Anayavaa kwa picha na kwa wageni. "Niletee kitu cha kuyashika," akaniambia, "lakini hao usiwaambie." Nikamtafutia krimu ya kushikia meno ya bandia. Matumizi yake yanataka utulivu: meno yaoshwe, yakaushwe, uweke vitone vichache, uvae, ubane kidogo. Ndani yake mna kitu kinachovimba kikikutana na mate, kikageuka gundi. Tyubu yenyewe ukiiona huwezi kuitofautisha na dawa ya mswaki: nyeupe, mstari wa kijani, harufu ya mnanaa. Na kwa kuwa siri ya Bibi ni siri, sikuweza kuandika ni ya nini. Nikachukua kalamu ya wino mzito nikaandika: YA BIBI.

Zile nyingine niligawa barazani siku niliyofika, na hakuna aliyeridhika. Shangazi alijaribu palepale, akatema, akasema, "Haiwashi. Dawa isiyowasha inafanya kazi gani?" Watoto walizionja zote, wakakimbilia machungwa ya Muheza, wakarudi wanalia kwamba yamekuwa machungu na Ujerumani imeyaharibu. Nikaeleza kwamba ni ile sodiamu lauril salfeti inayotoa povu, kwa muda kidogo inauzuia ulimi usionje utamu na uchungu unajitokeza. Nani anasikiliza? Shemeji yangu, mzaliwa wa Arumeru, ndiye aliyesikia neno moja tu, floraidi, akanionyesha meno yake ya kahawia. "Hiyohiyo ndiyo iliyonipaka rangi hii, nawe unatuletea kwenye sanduku?" Nikamwambia yake ilizidi kwenye maji ya kunywa, utotoni, meno yakiwa bado yanaumbika ndani ya fizi, hii mtu mzima anaipaka na kuitema. Akaniangalia muda mrefu. Akarudi kwenye mswaki wake wa mti, na sikumlaumu, anautumia kwa bidii kuliko sisi sote.

Tyubu ya Bibi niliipeleka mwenyewe chumbani kwake, nikaiweka juu ya meza karibu na bilauri.

Hapa lazima nimtaje Ami. Ami ndiye mshenga wa ukoo mzima. Akianza kuposa, maneno yanamtoka kwa vina, wenye binti wanasahau wenyewe kupandisha mahari. Na Jumapili ile, baada ya alasiri, tulikuwa tunakwenda Chumbageni kumposea mdogo wangu. Ami alikuja kwetu mchana, akaoga, akavaa kanzu, akapiga kofia pasi. Dawa yake ya mswaki alishapewa barazani. Lakini alipopita mlangoni kwa Bibi akaiona ile yenye maandishi, na kwa hesabu za Ami, kilichogawiwa hadharani ni cha wote, ila kizuri ndicho kilichoandikwa jina la mtu.

Yaliyofuata alitusimulia mwenyewe baadaye, kwa hasira. Alikamua urefu wa kidole. Akaona haitoi povu, akaongeza. Ikaanza kuwa nzito, akasema moyoni hiyo ndiyo nguvu ya Ulaya. Akasukutua. Ikavimba. Akasukutua tena kwa kata nzima ya maji, nayo ikafurahi zaidi.

Ndani ya bajaji Ami hakusema neno. Sisi tukanyamaza kwa heshima, tukijua anapanga vina.

Kule Chumbageni tulipokewa vizuri: halua, kahawa, udi, wazee wamejipanga kwenye makochi. Baada ya salamu, mzee wa upande wa pili akatutazama. "Haya wageni wetu, mmepita njia, au mmekuja na neno?"

Macho yote kwa Ami. Ami akajikohoza.

"Hamwamwekum."

Wakaitikia "Wa alaykum salaam" kwa kukisia tu. Ami akafumba macho akajitutumua.

"Mmemuja mmomba muwa."

Mzee mmoja akamwinamia mwenzake: "Wanaomba muwa?"

"Muwa upo," yule mwenziwe akajibu taratibu, "lakini muwa ndio umewavalisha kanzu?"

Ami akajaribu kufungua mdomo zaidi ili tamko litoke, hapo ndipo nilipoona nyuzi nyeupe kutoka mdomo wa juu hadi wa chini, zinavutika bila kukatika, kama ulimbo tuliokuwa tukinasia ndege utotoni. Na harufu ya mnanaa ikanijia. Nikajua. Mungu wangu, nikajua, na wakati huohuo kijana mmoja mwema akamletea bilauri ya maji. Nikanyoosha mkono kuizuia, nimechelewa. Ami alikunywa yote. Baada ya hapo hata "mmm" haikutoka.

Akanifinya paja. Maana yake: sema wewe.

Miaka kule nimeizoea kazi ya kusema jambo na kuondoka. Nikasema tumekuja kuposa, na tungependa kujua mahari ni shilingi ngapi. Wazee wakarudi nyuma kwenye makochi kwa pamoja. Hakuna ua lililosifiwa, hakuna bustani, hakuna hodi ya maneno. Mdogo wangu alishika kichwa. Aliyekuwa na kahawa mdomoni aliimeza kwa sauti.

Pazia likafunguka. Akatoka nyanya wa binti, mwembamba, kanga begani, simu mkononi imewashwa tochi. "Nani huyo kafa ulimi nyumbani kwangu?" Akamwendea Ami moja kwa moja, akammulika mdomoni. Akanusa. Kisha akacheka mpaka akashika ukuta.

"Huyu kajipaka gundi ya meno! Mie mwanangu huniletea kutoka Maskati. Nani kampa maji? Msimpe maji tena, maji ndiyo chakula chake!"

Akaagiza kitambaa kikavu na mafuta ya nazi. Akamshika mshenga wetu mkono, akampeleka uani, akamkalisha kwenye kibao cha mbuzi. Nilimfuata, mtu lazima awe na shahidi. Nyanya alikunja kitambaa kwenye kidole cha shahada, akafuta kwanza pakavu, kisha akachovya mafuta, akazunguka fizi za juu polepole, akarudi za chini, kila mara akitoa kipande kirefu na kukiangalia kwenye mwanga. Jikoni wanawake wote walikuwa wameacha kukuna nazi.

"Achama. Achama bwana mshenga, maneno yako yamekwama huku kwenye magego."

Ami akaachama. Mtu aliyeposa nusu ya Ngamiani, kanzu imepigwa pasi, ameachama.

Tuliporudi sebuleni midomo yake inang'aa mafuta, lakini vina vilirudi. Alianza upya tangu hodi, akapita bustanini, akalisifu ua mpaka mama wa binti akasikika akijifuta machozi nyuma ya pazia. Ila kwenye mahari hakufua dafu. Kila alipovuta pumzi ili aombe kupunguziwa, sauti ya nyanya ilitoka uani: "Mafuta yapo bado!" na makochi yote yakatikisika kwa kicheko. Kilemba cha baba kikapita bila ubishi. Mkaja wa mama ukapita. Kijana mwenye kalamu akaandika.

"Na mimi," nyanya akasema, sasa kaja kusimama mlangoni kabisa, "niandikieni tyubu mbili za huyo wa Ujerumani. Za mnanaa. Za Maskati hazina ladha."

Ami hakunitazama hata kidogo. Alijifuta mafuta kwenye masharubu kwa leso.

"Andika tano," akasema.