Kilo iliyorukwa kwenye mizani ya Kirumba

Chukua mstari mmoja wa rekodi za mizani pale mwaloni Kirumba, Mwanza: "Igombe,sangara,,9500". Yaani mwalo, aina ya samaki, kilo na bei. Kati ya mikato miwili hamna kitu, kwa sababu karani aliruka kilo. Sasa ipe strtok, amri ya kukata maandishi katika lugha ya programu ya C, kazi ya kuukata. Utapata vipande vitatu, si vinne, maana mikato inayofuatana huihesabu kuwa mmoja. Ile 9500 inasogea inakaa penye kilo, na programu isiyokagua idadi ya vipande inaweza kumwandikia mvuvi tani tisa na nusu za sangara ambao hakuwavua.

Wanaoitetea C wana hoja, tena nzito. strtok haiombi kumbukumbu ya ziada: inaandika sifuri juu ya mkato palepale, inakukabidhi anwani ya kipande. Ndani ya mizani ya kielektroniki yenye kilobaiti chache tu, hilo ni jambo kubwa. Na kama maneno yametenganishwa kwa nafasi, mtu akabonyeza mara tatu badala ya moja, kuziunganisha ndiyo sahihi. Lakini mstari wenyewe unabaki umeharibika. strsep, amri nyingine ya aina hiyo, huvitunza vipande vitupu, ila haimo katika kiwango rasmi cha C.

Kwa rekodi inayogusa malipo ya mtu, naegemea split ya Rust, lugha iliyofikia toleo 1.0 mwaka 2015. Hiyo hutoa vipande vinne, cha tatu kikiwa kitupu. Haigusi mstari wala hainakili herufi. Kila kipande ni anwani na urefu, baiti 16 kwenye mashine ya biti 64. Ugumu wake ni kwamba kipande ni cha kuazima: herufi zenyewe zimo kwenye mstari. Ukitaka kukiweka kwenye orodha ilhali mstari wake unafutwa, kompaila, yaani programu inayotafsiri msimbo kwa mashine, inakataa katakata. Vijana wanaoanza hupachika to_string, amri ya kunakili kipande, kila mahali ili inyamaze, na wazoefu huwakaripia. Nadhani wanawaonea. "Igombe" ni herufi sita. Kuzinakili hakuichoshi mashine yoyote. Kilo na bei ndizo zisizohitaji nakala: zigeuzwe namba papo hapo. Kilo tupu itagoma kugeuka namba, na karani ataulizwa samaki wangali juu ya mizani.