Eti Wanawake Wamechelewa Kuanza

Juzi jamaa mmoja, mkimbiaji mzuri tu, kaniambia wanawake bado ni wageni kwenye ultramarathoni, yaani mbio ndefu kuliko maratoni ya kilomita 42. "Wamechelewa kuanza, wape muda watakomaa." Kalisema kwa upole, kama mtu anayetoa sadaka. Bora angenitukana.

Wamechelewa! Mwaka 1923 Frances Hayward aliomba kushiriki mbio za Comrades kule Afrika Kusini, karibu kilomita 90 za vilima kati ya Pietermaritzburg na Durban. Waandaaji wakamkatalia, kisa mwanamke. Akakimbia hivyo hivyo, akamaliza kwa saa 11 na dakika 35. Medali hakupewa, maana kwenye karatasi zao hakuwepo. Ni watazamaji na wakimbiaji wenzake waliochanga wakamnunulia seti ya chai ya fedha. (Unakimbia kutwa nzima, unaishia kupewa birika! Lakini angalau wao walimwona.) Wenye kalamu waliendelea kutomwona mwanamke yeyote hadi 1975, mwaka ule ule mbio hizo zilipofunguliwa rasmi kwa watu wa rangi zote. Miaka 52. Hapo aliyechelewa ni nani?

Amsterdam 1928 ndiyo usiniguse. Wanawake tisa walikimbia fainali ya mita 800 ya Olimpiki, Lina Radke akashinda kwa rekodi ya dunia. Kuna waliojitupa chini walipomaliza, kama anavyojitupa mwanaume yeyote aliyekimbia kwa nguvu zote. Magazeti yakaangua kilio, mbio hizo za mita 800 zikafutwa kwa wanawake hadi 1960. Maratoni ya Olimpiki waliisubiri hadi 1984.

Haya, nakubali, shingo upande: wanaume wa mbele bado wana kasi zaidi, na rekodi nyingi za jumla ni zao. Sijabisha. Ila Pam Reed alishinda Badwater, mbio za joto kali la jangwani kule Marekani, mwaka 2002 akiwaacha wanaume wote nyuma, na 2003 akarudia, wasije wakasema ni bahati. Jasmin Paris naye, Januari 2019, alishinda Spine Race ya Uingereza, zaidi ya kilomita 420 za baridi na tope, kwa saa 83 na dakika 12, huku akikamua maziwa ya mwanawe vituoni. Rekodi ya awali ilikuwa ya mwanaume. Aliipunguza kwa saa 12. Machi 2024 akamaliza Barkley kule Marekani zikiwa zimebaki sekunde 99 muda wa mwisho wa saa 60 uishe, mbio ambazo mwasisi wake alikuwa akisema hakuna mwanamke atakayezimaliza.

Na usiniambie hayo ya kufungiwa mlango ni ya enzi za mabibi. Mwaka 2018 Sophie Power alikimbia mbio za UTMB, kilomita 170 za milimani kuzunguka Mont Blanc huko Ulaya, miezi mitatu tu baada ya kujifungua, akisimama njiani kumnyonyesha mtoto. Kwa nini hakusubiri mwaka mwingine? Kwa sababu aliyeumia aliweza kuahirisha nafasi yake, mjamzito hakuruhusiwa. Utaratibu ulikuja kubadilishwa baadaye, picha yake akinyonyesha ikiwa imeshasambaa dunia nzima. Yaani ilibidi iwepo picha.