Simu Inasikia Moyo, Damu Haioni

Mama mkubwa wangu, anayekaa Bagira, mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, aliweka kidole juu ya kamera ya simu yangu akakishikilia hapo dakika nzima. Umeme ulikuwa umekatika; taa ya simu ikapenya nyama ya kidole, kikawa chekundu kama kaa la jiko. Programu ikahesabu, kisha ikaandika kwa Kifaransa kwamba mapigo hayana mpangilio, aonane na muganga.

"Inasemaje?" akauliza. Nikamweleza.

"Hilo nalijua tangu mwaka jana, mwanangu. Moyo wangu unaruka kama mbuzi aliyekata kamba. Muganga mwenyewe yuko wapi?"

Swali hilo hunirudia kila nisikiapo tiba kwa simu ikisifiwa kuwa mkombozi wa wagonjwa wa mapigo ya moyo. Mimi naiunga mkono, niseme mapema, ila si kwa namna inavyotangazwa.

Kwanza haki yake. Ugonjwa wenyewe unaihitaji simu. Katika fibrilesheni, yaani ugonjwa huo wa mapigo yasiyo na mpangilio, vyumba vya juu vya moyo hupapatika badala ya kukaza na kulegea kwa mpango. Damu inatuama humo, inaganda, na donge likichomoka likapanda kichwani, ni kiharusi. Hatari hiyo huongezeka karibu mara tano. Tena mpapatiko mara nyingi huja na kuondoka. Mtu wa kisiwa cha Idjwi anapanda boti alfajiri moyo ukimwenda mbio, anafika Bukavu umeshatulia, analazwa kwenye kitanda cha elektrokadiogramu, mashine inayochora mapigo ya moyo, na karatasi inatoka safi. Anaambiwa akapumzike. Kipimo cha mfukoni kingemkuta mwizi akiwa bado ndani ya nyumba.

Wala wazo si geni. Mwaka 1905 mwanasayansi Willem Einthoven, pale Leiden, Uholanzi, alipokea michoro ya mioyo ya wagonjwa kupitia waya wa simu, kutoka hospitali iliyokuwa kilomita 1.5 kutoka maabara yake, kwa sababu mashine yake ilikuwa kubwa mno kuhamishwa. Leo muuguzi anapiga picha karatasi ya elektrokadiogramu na kuituma kwa WhatsApp. Kazi ni ileile. Mwaka 2016 Mkameruni Arthur Zang alishinda tuzo ya uhandisi ya Afrika kwa Cardiopad, tableti iliyoundwa kwa shughuli hiyo hasa. Na Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia Bukavu, aliyezoea kupanda ndege kwenye uwanja wa Kavumu kwenda kumwona bingwa wa moyo Kinshasa alijikuta hana njia. Kwa mtu huyo, simu si anasa.

Sasa upande wa pili, na hapa ndipo wasifiaji wanaporuka. Mfano unaotajwa sana ni wa Maastricht, Uholanzi. Wakati wa Covid mwaka 2020, wagonjwa wa fibrilesheni walipima mapigo kwa kamera ya simu kwa wiki moja, kisha wakaongea na daktari wakiwa nyumbani. Ilifaa. Lakini nyuma ya simu ile kulikuwa na duka la dawa, maabara na bima ya kulipia vyote. Simu ilikuwa kipande cha mwisho cha mnyororo. Sisi tunaletewa kipande hicho peke yake.

Tena wagonjwa si walewale. Huko fibrilesheni ni ugonjwa wa wazee hasa. Kwetu inawapata hata vijana, ambao ugonjwa wa koo wa utotoni usiotibiwa uliishia kuharibu vali za moyo, yaani milango yake ya kupitisha damu. Utafiti wa INVICTUS, uliotoka mwaka 2022, uliwafuatilia watu wa aina hiyo zaidi ya 4,500 katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini. Wastani wa umri ulikuwa miaka 50 hivi, wengi wanawake. Dawa mpya ya kuzuia damu kuganda, rivaroksabani, isiyohitaji kupimwa damu kila mara, ilishindwa: waliotumia dawa za zamani, jamii ya warfarini, walikufa wachache zaidi. Wapo wanaojiuliza kama kuonana na muganga mara kwa mara kwa ajili ya kipimo nako hakukuchangia.

Dawa hizo za zamani zina masharti. Kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda, kinatakiwa kiwe kati ya 2 na 3 kwa wengi. Kikishuka damu inaganda, kikipanda inavuja. Kinachokiyumbisha kiko jikoni kwetu. Mama mkubwa alipewa karatasi ya kumwambia apunguze epinari na brokoli. Brokoli hajawahi kuiona. Sombe, majani ya muhogo, anakula karibu kila siku, na majani hayo yana vitamini K ya kutosha kuvuruga hesabu. Mwezi wa kukosa sombe dawa inazidi nguvu, mwezi wa sombe tele inapungua. Ongeza Flagyl, dawa ya kuua vijidudu, inayonunuliwa bila kuuliza mtu kila tumbo linapouma: hiyo nayo inaipandisha INR. Kamera haioni hata kimoja kati ya hivi.

Kwa hiyo ningeanzia kituo cha afya. Muuguzi mmoja awe na kifaa kidogo cha elektrokadiogramu pamoja na kile kinachosoma INR kwa tone la damu ya kidole, kama cha sukari. Atume mchoro na namba kwa bingwa, huyo apange kiasi cha dawa, muuguzi amuulize mgonjwa amekula nini na amemeza nini. Gharama ni vijiti vya kupimia, vinavyokwisha na kununuliwa upya. Wafadhili hupenda zaidi kupigwa picha na tableti.

Wengine wataniambia mgonjwa ana simu yake, kituo cha nini? Juzi nilimpigia mama mkubwa kumuuliza hali. Akapokea kijana wa kibanda cha kuchajia: simu iko kwake tangu jana, anasubiri umeme urudi.